Kuisoma Bendera: Mfano wa Kisiwa cha Niue katika Somo la Uraia

Utangulizi

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tuliketi nyuma ya Darasa la Tano kusikiliza somo la Uraia. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejitayarisha vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika hadi nyuma, na ukutani alikuwa ametundika chati kubwa ya bendera za nchi mbalimbali. Alianza na bendera ya Tanzania. Kila alipoigusa rangi kwa fimbo yake darasa zima lilijibu kwa pamoja: kijani ni mimea, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini.

Ndipo mwanafunzi mmoja akanyosha mkono na kuuliza kuhusu bendera ya njano tupu iliyokuwa pembeni mwa chati, yenye bendera ndogo ya Uingereza katika kona. Mwanachuo akasoma maandishi yaliyokuwa chini yake: Niue. Kisha, kwa kutaka kuwashirikisha wanafunzi, akawauliza, "Haya, rangi ya njano ina maana gani?" Darasa likaitikia, "Madini!" Mwalimu akasema, "Vizuri sana." Msichana aliyeketi dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, madini gani?" Baada ya kusita kidogo mwalimu akajibu, "Dhahabu."

Jibu hilo halikuwa la kweli. Rangi ya njano katika bendera ya Niue haihusiani na dhahabu wala na madini yoyote. Hata hivyo, hatukumlaumu mwanachuo yule. Tulipokaa naye baada ya kipindi tulitambua kwamba kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi, kwa kuwa tulikuwa tumemfundisha maana za rangi kana kwamba rangi huzaliwa na maana zake. Makala haya yamekusudiwa kulisahihisha kosa hilo. Tutaichukua bendera hiyo hiyo ya Niue, tuisome polepole, kisha tuonyeshe namna inavyoweza kufundishwa.

Kisiwa chenyewe

Mwalimu hawezi kuifundisha bendera ya mahali asipopajua. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na nchi kabla ya kitambaa.

Niue ni kisiwa kimoja katika Bahari ya Pasifiki ya Kusini, kaskazini-mashariki ya New Zealand, katikati ya visiwa vya Tonga, Samoa na Cook. Eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 260. Ni mwamba wa matumbawe ulioinuka kutoka baharini, nao umezungukwa na maji yenye kina kirefu. Makao makuu ni Alofi. Wakazi wa kisiwani hawafiki 2,000, ilhali hesabu ya watu iliyofanywa New Zealand mwaka 2018 ilionyesha zaidi ya watu 30,000 wenye asili ya Niue waishio huko. Yafaa mwalimu azikumbuke hesabu hizi mbili, kwani zitamsaidia kuieleza bendera.

Wafalme na machifu wa Niue waliiomba Uingereza ulinzi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1900 ulinzi huo ulitolewa. Mwaka uliofuata, yaani 1901, kisiwa kiliwekwa chini ya New Zealand. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1974, watu wa Niue walipopiga kura ya maoni na kuchagua kujitawala. Tarehe 19 Oktoba 1974 Niue ilianza kujitawala katika ushirika huru na New Zealand. Maana yake ni kwamba Niue ina serikali yake na hutunga sheria zake, na wananchi wake wameendelea kuwa raia wa New Zealand. Kiongozi wa kwanza wa serikali hiyo alikuwa Robert Rex.

Sheria ya bendera ilipitishwa tarehe 15 Oktoba 1975, siku nne kabla ya kutimia mwaka mmoja wa kujitawala. Aliyeibuni bendera ni Patricia Rex, mke wa kiongozi huyo. Hivyo tunajua ni nani aliyeichora, ni lini ilipokubaliwa, na ni jambo gani lilikuwa limetokea katika nchi. Mambo haya matatu ndiyo ufunguo wa kuisoma bendera yoyote.

Kuisoma bendera ya Niue

Tuanze na yale yanayoonekana kwa macho, bila kuyatafsiri. Bendera ni ya mstatili, urefu wake ni mara mbili ya kimo. Uwanja wote ni wa njano. Katika robo ya juu, upande wa mlingoti, pana bendera ya Uingereza. Juu ya msalaba mwekundu uliosimama wima katika bendera hiyo ndogo pana nyota tano za njano, kila moja ikiwa na ncha tano. Nne kati yake ni ndogo: moja juu, moja chini, moja kushoto na moja kulia. Ya tano ni kubwa kuliko wenzake, nayo iko katikati, ndani ya duara la bluu.

Sasa tuziangalie maana zilizotolewa rasmi.

Njano ni mwanga wa jua la Niue, na pia ni upendo wa watu wa Niue kwa New Zealand na watu wake. Bendera ya Uingereza katika kona ni ukumbusho wa ulinzi uliotolewa mwaka 1900 baada ya wafalme na machifu kuuomba. Nyota nne ndogo ni kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini, ambalo liko pia katika bendera ya New Zealand. Kwa hiyo nyota hizo zausimulia uhusiano wa Niue na nchi hiyo. Duara la bluu ni bahari yenye kina inayokizunguka kisiwa. Nyota kubwa iliyomo ndani ya duara ni Niue yenyewe, nchi inayojitawala.

Mwalimu atazame jinsi maana hizi zilivyofungamana na historia tuliyoieleza. Mwaka 1900 umo, bahari imo, New Zealand imo, na kujitawala kumo. Na ule upendo uliotiwa katika rangi ya njano si maneno ya heshima tu. Nchi ambayo watu wake wengi wanaishi ng'ambo ina sababu ya kuutaja uhusiano wake na ng'ambo hiyo katika bendera yake. Huenda mwanafunzi mwenye shangazi au kaka aliyehamia mji wa mbali akalielewa jambo hili upesi kuliko sisi watu wazima.

Pamoja na maana rasmi, mpangilio nao unastahili kuangaliwa. Bendera za Australia, New Zealand, Fiji na Tuvalu nazo zina bendera ya Uingereza katika kona, lakini uwanja wake ni wa bluu, iliyokoza au iliyopauka, na alama za nchi zenyewe huwekwa nje ya kona hiyo. Niue ilichagua uwanja wa njano, ikaziweka nyota zake juu ya bendera ya Uingereza yenyewe, na nyota ya kisiwa ikakaa katikati kabisa, pale mikono ya misalaba inapokutana. Sisi twauona mpangilio huo kuwa ni namna ya nchi ndogo kusema kwamba inaikumbuka historia yake na wakati huo huo inajihesabu kuwa kiini cha historia hiyo. Lakini haya ni maoni yetu, si maana rasmi. Mwalimu awaambie wanafunzi wazi kwamba jambo hili limeandikwa na jambo lile tunalifikiri sisi. Mtoto atakayejifunza kuyatenga mambo hayo mawili akiwa Darasa la Tano atakuwa amepata faida kubwa kuliko kujua bendera mia moja.

Rangi moja, maana nyingi

Turudi sasa kwenye kosa la kipindi kile. Katika bendera ya Tanzania, njano ni madini. Katika bendera ya Niue, njano ni jua na upendo. Hakuna iliyokosea, kwani rangi haisemi peke yake. Watu wa mahali fulani, katika wakati fulani, hukubaliana kuipa maana, nao huitoa maana hiyo katika maisha yao. Watanzania waliitazama ardhi yao wakaona madini. Watu wa Niue walitazama juu wakaona jua.

Ndivyo ilivyo hata kwa mpangilio. Bendera ya Zanzibar iliyoanza kutumika mwaka 2005 ina bendera ya Tanzania katika kona ya juu, upande wa mlingoti, juu ya milia ya bluu, nyeusi na kijani. Kwa umbo, mpango huo unafanana na wa Niue, maana zote mbili ni bendera zenye bendera ndani yake. Lakini bendera iliyo katika kona ya Zanzibar ni ya Jamhuri ya Muungano, ambayo Zanzibar ni sehemu yake, na iliyo katika kona ya Niue ni ya nchi iliyoombwa ulinzi zamani. Umbo ni moja na habari ni mbili. Mwalimu aliyezoea kutoka katika jambo linalojulikana kwenda katika lisilojulikana ataona kwamba bendera ya Zanzibar ni daraja zuri la kuwafikisha wanafunzi Niue, mradi asisahau kuwaonyesha tofauti hiyo.

Namna ya kuendesha somo

Tunapendekeza somo hili lifundishwe katika Darasa la Tano au la Sita kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza sehemu za bendera ya Niue na maana zake, (b) kutaja rangi moja yenye maana tofauti katika bendera mbili, (c) kueleza kwa nini maana hizo hutofautiana.

Zana: Ramani ya dunia au tufe, karatasi za manila za njano na bluu, mikasi, gundi, rula na chaki za rangi. Bendera ya Uingereza ni ngumu kwa mtoto kuichora kwa sababu ya misalaba yake mitatu iliyopandana. Mwalimu aitayarishe mapema kwa karatasi zilizokatwa, ili wakati wa somo usipotee.

Hatua ya kwanza, kuona (dakika 15). Mwalimu atundike bendera ya Niue bila kuitaja jina. Awaulize wanafunzi swali moja tu: "Mnaona nini?" Majibu yaandikwe ubaoni upande wa kushoto. Mwanafunzi akisema, "Naona dhahabu," asikemewe wala asisifiwe. Aulizwe kwa upole, "Unaona dhahabu, au unaona rangi ya njano?" Swali hilo dogo ndilo moyo wa somo lote.

Hatua ya pili, kubahatisha (dakika 10). Sasa wanafunzi waruhusiwe kukisia maana. Makisio yote yaandikwe katikati ya ubao, pamoja na yale yanayoonekana kuwa ya ajabu. Mwalimu asiseme lipi ni sahihi.

Hatua ya tatu, kuuliza (dakika 15). Mwalimu aoneshe Niue kwenye ramani na kuisimulia historia yake kwa ufupi, kama tulivyofanya hapo juu. Kisha maana rasmi ziandikwe upande wa kulia wa ubao. Wanafunzi wazilinganishe safu ya katikati na safu ya kulia, waone makisio yapi yalilingana na yapi hayakulingana. Mwalimu aulize, "Tungewezaje kuijua maana hii bila kuambiwa habari za kisiwa?" Watagundua wenyewe kwamba wasingeweza.

Hatua ya nne, kupima na kuchora (kipindi cha pili, dakika 20). Hapa somo la Uraia linasaidiana na Hisabati. Wanafunzi wachore mstatili wa sentimeta 20 kwa 10. Kona ya bendera ya Uingereza iwe sentimeta 10 kwa 5. Watafute eneo la kila mstatili: bendera nzima ni sentimeta za mraba 200, na kona ni 50. Wataona kwa hesabu yao wenyewe kwamba kona ni robo ya bendera, na kwamba robo tatu zilizobaki zimeachiwa jua.

Hatua ya tano, kubuni (dakika 20). Wanafunzi katika vikundi wabuni bendera ya kijiji au mtaa wao. Sharti ni moja: kila rangi na kila umbo liwe na sababu itokayo mahali pale. Kila kikundi kioneshe kazi yake, wengine wakisie maana kwanza, kisha wenye bendera waeleze.

Mwanachuo yule tuliyemtaja alirudi darasani juma lililofuata akaifuata njia hii. Shule ile iko katika sehemu inayolima pamba. Kikundi kimoja kilileta bendera yenye uwanja mweupe, na darasa zima likapaza sauti, "Amani!" Kiongozi wa kikundi akatikisa kichwa akasema, "Hapana. Ni pamba." Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Mwalimu hakuwa na haja ya kuongeza neno. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyeuliza tena, safari hii akiitazama chati ya ukutani: "Kwa hiyo na hizi nyingine zote inabidi tuulize?"

Mambo ya kuangalia

Kwanza, mwalimu asikubali jibu la pamoja kuwa ushahidi wa kuelewa. Sauti arobaini zikisema "madini" kwa mkupuo huenda ni mtoto mmoja tu aliyefikiri, na wengine wamemfuata.

Pili, mwalimu asiogope kusema, "Sijui, nitatafuta nikujibuni kesho." Mwanachuo wetu alisema "dhahabu" kwa sababu aliona aibu kunyamaza mbele ya wanafunzi. Aibu hiyo hupita kwa siku moja, lakini jambo la uongo lililosemwa na mwalimu mtoto hulichukua kwa miaka, naye aweza kulifundisha kwa wengine.

Tatu, bendera za watu zishikwe kwa heshima. Picha za bendera zisitupwe sakafuni baada ya kipindi, na wanafunzi wasiachwe waidhihaki nchi kwa sababu ni ndogo. Watu wasiofika 2,000 wana haki ya kuwa na nyota yao kama walivyo watu milioni nyingi.

Nne, maswali ya jaribio yafuate namna tuliyofundisha. Swali "Njano ina maana gani?" ni baya, kwa kuwa halina jibu moja. Swali zuri ni hili: "Njano ina maana gani katika bendera ya Tanzania, na ina maana gani katika bendera ya Niue? Toa sababu moja ya tofauti hiyo."

Zoezi kwa wanachuo

Jirani wa Niue ni Visiwa vya Cook, ambavyo navyo hujitawala katika ushirika huru na New Zealand, tangu mwaka 1965. Bendera yao ya sasa ilikubaliwa mwaka 1979. Uwanja wake ni wa bluu, una bendera ya Uingereza katika kona, na upande wa pili pana nyota 15 nyeupe zilizo sawa kwa ukubwa, zimepangwa katika duara. Idadi hiyo ni idadi ya visiwa vya nchi hiyo.

1. Linganisheni kazi ya nyota katika bendera ya Niue na kazi yake katika bendera ya Visiwa vya Cook.

2. Kwa maoni yenu, kwa nini nyota za Visiwa vya Cook ni sawa kwa ukubwa, na moja ya nyota za Niue ni kubwa kuliko nyingine? Onyesheni katika jibu lenu lipi ni jambo lililoandikwa na lipi ni maoni yenu.

3. Tayarisheni andalio la somo la dakika 40 mkitumia bendera hizo mbili, pamoja na maswali matatu ambayo mwanafunzi hawezi kuyajibu kwa kukariri tu.

Hitimisho

Wanachuo wengi hutuuliza kama inafaa kumfundisha mtoto wa kijijini kwetu bendera ya kisiwa ambacho huenda asikione maisha yake yote. Jibu letu ni kwamba inafaa, kwa sababu bendera yetu wenyewe ameizoea mno hata hawezi tena kuiuliza maswali. Akitoka Niue na kurudi mlingotini pa shule yake, ataitazama ile njano nyembamba pembeni mwa nyeusi, naye atataka kujua ni akina nani walioichagua, lini, na kwa nini. Mwalimu awe tayari kwa maswali hayo, na asiyejua jibu aanze kulitafuta leo.